Majeruhi wa pikipiki: helmeti ivuliwe au iachwe?

Katika toleo lililopita, nikijibu swali kuhusu ajali za barabarani, niliandika sentensi moja fupi kwamba majeruhi wa pikipiki asivuliwe helmeti. Sentensi hiyo haikuwa na kosa, lakini ilikuwa pungufu, na wasomaji hawakuniachia. Barua zilizoletwa ni nyingi kuliko nafasi ya ukurasa huu. Nimechagua tano, na ya kwanza nitaijibu kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyonionyesha nilichokiacha.

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Mbagala, Dar es Salaam, kwa mwaka wa tisa sasa. Mwenzetu wa kijiweni aligongwa na gari dogo karibu na kituo cha daladala. Tulipomfikia alikuwa amelala chali, helmeti ya kufunika uso mzima ikiwa kichwani, anakoroma kama mtu aliye katika usingizi mzito. Mmoja wetu alitaka kumvua, mwingine akamzuia akisema amesoma kwenye gazeti lenu kwamba haivuliwi. Tukabaki tukibishana mpaka alipotokea dada mmoja muuguzi, akafungua kioo, akamtazama, akamwita mmoja wetu amsaidie, wakaivua pole pole. Mwenzetu amepona na sasa anatembea. Nataka kujua: nani alikuwa na haki?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu, na poleni kwa yaliyomkuta mwenzenu. Mwenye haki ni muuguzi, ingawa aliyemzuia mwenzake naye hakukosea sana, kwa kuwa alikuwa akitii maneno yangu, ambayo yalikosa nusu yake ya pili. Nusu hiyo ni hii: helmeti inaachwa kichwani maadamu pumzi inapita, na inavuliwa pale inapoizuia pumzi au inapomzuia mwokoaji asiweze kuifikia njia ya hewa.

Ule mkoromo mlioudhania usingizi ndio uliokuwa jibu la ubishi wenu. Mtu aliyepoteza fahamu akilala chali, misuli ya taya na ulimi hulegea, ulimi ukaangukia nyuma na kuziba sehemu ya koo, na hewa inayojipenyeza hapo ndiyo inayotoa sauti ile. Ubongo usiopata oksijeni huanza kuharibika ndani ya dakika chache, na kwa maelezo yako, dakika hizo nyinyi mlikuwa mnabishana. Kwa upande mwingine, hofu ya shingo nayo ni ya kweli. Pingili za shingo ni 7, na katikati yake inapita kamba ya neva inayounganisha ubongo na mwili. Neva zinazoendesha kiwambo, yaani msuli mkuu wa kuvuta pumzi, hutoka katika eneo la pingili ya 3, ya 4 na ya 5. Pingili iliyovunjika ikisogezwa vibaya inaweza kuibana kamba hiyo, na mtu aliyefika chini akiwa anasogeza miguu akaondoka hapo hawezi kuisogeza. Ndiyo maana hatuivui helmeti kwa pupa, na tukilazimika kuivua tunaivua wawili.

Kabla ya kumgusa, simamisheni magari. Yale matawi ya miti tunayoyalaza barabarani yawekwe mbali, hatua nyingi nyuma ya ajali, kwani tawi lililo mita tano kutoka kwa majeruhi halimsaidii dereva anayekuja kasi. Mmoja azime injini ya pikipiki. Kisha mmoja apige magoti upande wa utosi wa majeruhi, ashike helmeti kwa mikono miwili kushoto na kulia, na ndipo amwite. Ukimwita mtu kabla ya kumshika, jambo la kwanza atakalofanya ni kugeuza shingo kukutazama.

Akijibu kwa maneno yanayoeleweka, hewa inapita. Fungueni kioo, legezeni mkanda wa kidevuni ikiwa unambana, mwambieni asitingishe kichwa, na muendelee kumshika hivyo mpaka msaada ufike. Asipojibu, fungueni kioo, mtazame kifua na kusikiliza kwa muda usiozidi sekunde 10. Akiwa anapumua kimya, bila kukoroma na bila mlio wa maji kooni, na mnaweza kuuona mdomo wake, acheni helmeti mahali pake lakini msimwondolee macho. Akikoroma, akiwa na damu au matapishi mdomoni, au pumzi ikiwa haipo na helmeti imewazuia kufika kwenye taya, hapo ivueni.

Mnahitajika wawili. Aliye utosini nitamwita mvuaji, na aliyepiga magoti pembeni, usawa wa kifua, nitamwita mshikaji. Vijana wasicheke, maana hapa neno hilo limerudi kwenye maana yake ya asili. Mvuaji anaendelea kuidhibiti helmeti isiyumbe huku mshikaji akiondoa miwani na waya za kusikilizia muziki, kisha anafungua mkanda. Mikanda mingine ina kifungo cha kubonyeza, mingine imepitishwa kwenye pete mbili za chuma na inalegea ukivuta ulimi mdogo ulio kwenye pete. Ikigoma, katani kwa mkasi au wembe, makali yakitazama mbali na koo. Nilipokuwa daktari wa zamu katika hospitali moja ya mkoa, aliletwa kijana ambaye kifungo cha helmeti yake kilikwisha zamani na mahali pake alifunga kipande cha mpira wa tairi la ndani, fundo juu ya fundo. Kucha zetu hazikufua dafu. Mkasi ulimaliza kazi kwa kukata mara mbili.

Mkanda ukishafunguka, mshikaji anaweka mkono mmoja kwenye taya, kidole gumba upande mmoja na vidole vingine upande wa pili, karibu na pembe za taya, bila kubonyeza koo. Mkono wa pili anaupenyeza chini ya shingo mpaka vidole viguse mfupa wa kisogo, huku kigasha chake kikiegemea ardhini ili kisichoke. Akiwa tayari anasema kwa sauti, “Nimeshika.” Tangu neno hilo, dhamana ya shingo ni yake, na mvuaji anaruhusiwa kuigusa helmeti kwa nia ya kuivua.

Mvuaji anashika kingo za chini, kushoto na kulia, anazitanua kuelekea nje ili masikio yasikunjwe, halafu anaivuta kuelekea kwake taratibu. Ikiwa ni ya kufunika uso mzima, anaiinamisha kidogo kwa nyuma ili kipande cha kidevuni kipite juu ya pua. Pua ikishapita, asimame. Mara nyingi kosa hutokea hapa, kwa sababu kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5, na ukuta wa nyuma wa helmeti ukitoka kitadondoka kama nazi ikiwa hakuna aliyekibeba. Kwa hiyo mshikaji kwanza anasogeza mkono wake wa chini juu zaidi, ajaze kisogo kiganjani. Ndipo mvuaji anaigeuza helmeti kidogo kuelekea mbele, akifuata mviringo wa kisogo, na kuimalizia kuitoa. Muda wote huo kinachosogea ni helmeti, kichwa kimetulia.

Helmeti ikitoka, mvuaji anaiweka kando, anashika kichwa kwa viganja vyote viwili juu ya masikio, naye anasema, “Nimeshika,” na ndipo mshikaji anaachia. Wekeni kanga iliyokunjwa mara chache chini ya kichwa ili shingo isipinde kwenda nyuma. Mshikaji sasa anaisukuma taya ya chini kuelekea juu kwa vidole, nyuma ya pembe zake, bila kukiinua kidevu wala kukigeuza kichwa, na mara nyingi mkoromo unakatika papo hapo. Akitapika, mgeuzeni ubavu mkiwa watatu au wanne kwa pamoja, kichwa, mabega na nyonga vikienda kama gogo moja. Asipopumua kabisa, anzeni kubonyeza kifua katikati, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka arudishe pumzi au mpokewe na wenye utaalamu.

Nina neno moja zaidi kwa madereva. Wengi wenu mnavaa koti kinyume, mgongo ukiwa mbele, kukinga upepo. Mtu akilala chali na koti hilo, kola yake ngumu inasimama kooni huku zipu ikiwa imelaliwa. Msimnyanyue kutafuta zipu. Kateni kola.

SWALI: Daktari, mimi ni mwalimu Kilifi, Kenya, na natumia barabara ambayo usiku hupita nusu saa bila gari. Unasema wawili. Nikiwa peke yangu je?

JIBU: Mwalimu, kwanza piga simu kabla ya kuanza kazi yoyote ya mikono, Kenya ni 999 au 112, na Tanzania ni 112. Weka simu kwenye spika, iache chini, uzungumze huku unafanya kazi.

Kama anapumua vizuri, kazi yako ni kukishika kichwa na kungoja, kazi inayochosha kuliko inavyosikika. Kama hapumui, kumbuka jambo ambalo watu hulisahau kwa kuikazia helmeti macho: kifua kinabonyezwa hata helmeti ikiwa kichwani. Usipoteze dakika tatu ukipambana na mkanda ilhali moyo umesimama. Kama anapumua kwa mkoromo, fungua kioo, ingiza vidole chini ya kingo za helmeti mpaka nyuma ya taya, na uisukume taya mbele. Njia hiyo ikifaulu, kaa hapo hapo.

Isipofaulu, na hakuna mtu, ivue peke yako, kwa kuwa shingo nzima haina faida kwa mtu aliyekosa hewa. Piga magoti utosini, fungua mkanda, tanua kingo, inamisha helmeti nyuma ipite pua, kisha kwa mkono mmoja endelea kuivuta kidogo kidogo huku mwingine ukiufuatisha chini ya kisogo. Haitakuwa nadhifu kama ya wawili.

Ila katika nchi zetu ni nadra mtu kuwa peke yake kwa dakika nyingi. Hata porini ajali huzaa watu. Akitokea mpita njia asiyejua lolote, wengi humpa kazi ya kushika shingo, wakidhani kushika ni kazi nyepesi na kuvua ndiyo ya kitaalamu. Ni kinyume. Wewe uliyesoma haya shika shingo na taya, naye mwambie aivute helmeti kwa amri yako: “Tanua. Vuta. Simama. Vuta tena.” Mgeni anaweza kuivuta helmeti sawasawa kwa kufuata sauti, lakini hawezi kuhisi kwa kiganja kwamba kichwa kimeanza kudondoka.

SWALI: Nawaandikia kutoka Hamburg. Nilipokuwa natafuta leseni ya udereva huku Ujerumani nililazimika kuhudhuria mafunzo ya huduma ya kwanza, na tulifundishwa kwamba mwendesha pikipiki aliyepoteza fahamu anavuliwa helmeti, basi. Ndugu yangu aliye Uingereza anasema wao wanaambiwa waiache. Inakuwaje nchi mbili zenye hospitali kubwa zipingane kuhusu jambo la uhai?

JIBU: Swali lako limenifurahisha kwa sababu linaonyesha kwamba sentensi yangu fupi haikuwa hata sheria ya dunia nzima. Ni kweli: Ujerumani inafundisha raia kuivua kwa asiye na fahamu, na ushauri wa huduma ya afya ya taifa ya Uingereza ni kutoivua mpaka pawe na ulazima hasa. Lakini ukitazama vizuri, zote mbili zinaogopa vitu vile vile viwili na zimevipima kwa mizani tofauti.

Mjerumani anasema: asiye na fahamu anaweza kutapika au ulimi wake kurudi nyuma wakati wowote, na ndani ya helmeti hutaviona mpaka uchelewe, kwa hiyo anza kuvua. Anaweza kusema hivyo kwa sababu kila anayeomba leseni huko amehudhuria masomo 9 ya dakika 45 kila moja. Mwingereza anamfikiria mpita njia asiyefundishwa, ambaye akiambiwa “vua” atashika helmeti kwa mikono miwili na kuichomoa kama mfuniko wa sufuria, na gari la wagonjwa linatarajiwa kufika.

Sisi tuko wapi? Kwa upande wa mafunzo tuko karibu na hofu ya Mwingereza, maana wengi hatujafundishwa. Kwa upande wa gari la wagonjwa tuko mbali naye sana, maana mara nyingi haliji, au likija saa imepita. Maoni yangu, na yachukuliwe kama maoni ya daktari mmoja, ni kwamba wawili waliowahi kufanya zoezi hili kwa mikono yao, wakiwa na majeruhi asiye na fahamu mahali pa mbali na gizani, wafuate njia ya Hamburg. Ambao hawajawahi kuligusa waifuate njia ya ndugu yako, hadi pumzi itakapowalazimisha. Na kulifanyia zoezi hakuhitaji ukumbi: helmeti moja, mkeka, na rafiki mwenye subira, mara kumi jioni moja. Mtakapokosea, rafiki atawaambia mlipomkunja sikio.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa Tanga, hupanda bodaboda kila siku nikiwa na ushungi chini ya helmeti. Likitokea la kutokea, ni lazima nivuliwe ushungi barabarani?

JIBU: Waalaykum salaam, mama yangu. La, si lazima. Kinachohitajika ni mdomo, pua na taya, na hivyo ushungi haukuvifunika. Helmeti huteleza juu ya kitambaa, na ushungi unaweza kubaki kichwani. Mshikaji apenyeze mkono chini ya kitambaa ili kisimteleze kwenye kisogo. Pini ya chini ya kidevu ndiyo itolewe mapema, kabla ya mkono kukaa kwenye taya, isije ikamchoma mshikaji akashtuka na kuachia. Akiwapo mwanamke wa kuifanya kazi hiyo ni vizuri, asipokuwapo asisubiriwe. Ningependa pia utumie pini moja badala ya nne.

SWALI: Huku kwetu Morogoro vijijini majeruhi hubebwa kwa pikipiki nyingine, anakalishwa katikati, dereva mbele na mtu wa kumshika nyuma, mshikaki kama kawaida. Akiwa amevaa helmeti bado, si ni kinga tosha? Na helmeti yenyewe ikiwa haikupasuka, arudishiwe aendelee kuitumia?

JIBU: Helmeti humkinga mtu asiumie kichwa wakati wa kugonga. Haiishiki shingo hata kidogo, na kwa aliyekalishwa, uzito wake unaongezeka juu ya shingo ile ile tunayoihofia, kila shimo la barabara likiitupa mbele na nyuma. Asiye na fahamu aliyekalishwa huinamisha kidevu kifuani na kujiziba koo mwenyewe, huku aliye nyuma yake haoni uso. Tafuteni chombo atakachoweza kulala: pikapu, toroli la nyuma ya trekta, hata guta. Mlango uliobanduliwa au ubao wa kitanda unatosha kuwa machela, mtu mmoja akikaa utosini akishika kichwa njia nzima. Na asicheleweshwe kwa kutafuta PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, kituoni. Wa dharura huhudumiwa kwanza, fomu ikafuata. Kwa wasomaji wa Kenya, ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inasema wazi kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura.

Ama helmeti ya nusu, ile inayoacha uso wazi na ambayo ndiyo imejaa vijiweni, mara nyingi haitoi sababu ya kuvuliwa njiani, kwa kuwa mdomo unafikiwa bila shida. Mwacheni nayo, ila legezeni mkanda ukimbana.

Kuhusu kuitumia tena, hapana. Ndani ya ganda kuna tabaka la povu gumu lililowekwa ili lipondeke badala ya fuvu, na likishapondeka halirudi. Nje unaweza usione ufa wowote. Lakini msiitupe pale barabarani wala msimpe fundi aitie rangi. Mpakieni majeruhi pamoja nayo na mumkabidhi daktari. Mchubuko uliopo kwenye ganda, kama ni wa kisogoni au wa juu ya sikio la kushoto, unamwonyesha upande gani aanze kuutafutia damu ndani ya fuvu, na mgonjwa mwenyewe huenda kwa saa kadhaa asiweze kumweleza.